Kimya Nacho Huhesabiwa



Mwaka juzi nilianguka mtihani. Kwa mtu aliyesimama mbele ya ubao kwa miaka thelathini na mitatu, akiwaambia watoto wa watu kwamba anayeanguka hakujitayarisha, hilo si neno jepesi kulitamka. Hata hivyo nimeona nilitamke hapa, kwa kuwa kilichoniangusha kinatuhusu sisi tunaopima maneno kwa mizani, na kilichoniinua baadaye nilikuwa nacho tangu ujana bila kujua kazi yake.

Mtihani wenyewe ni ule wa kupima umilisi wa lugha ya Kijapani, unaojulikana kwa ufupisho wa JLPT. Nilikuwa na umri wa miaka 63. Rafiki zangu wa barazani waliniuliza, mzee mzima unatafuta cheti cha nini? Sikutafuta cheti. Mwanangu alikwenda Japani kusoma, akapata kazi Osaka, akaoa huko, na mjukuu wangu husema Kijapani kuliko lugha nyingine yoyote. Kiswahili chake huanzia kwenye "shikamoo babu" na hapo hapo kikaisha.

Jioni moja tulikuwa kwenye simu ya picha. Mtoto akaniambia kwa furaha: "Obaachan ga kita yo!" Mimi niliyekuwa nimekwisha kumaliza kitabu cha kwanza, nikaelewa kwamba shangazi yake amekuja. Nikamwuliza mkwe wangu habari za dada yake: safari, afya, watoto. Mkwe wangu ni mtu wa adabu. Akajibu kila swali kwa upole. Mwishowe mwanangu akainamia simu akasema, "Baba, aliyekuja ni bibi yake, mama wa mke wangu. Amekaa hapa nyuma tangu mwanzo, anangoja umsalimu."

Obachan ni shangazi au mama mdogo. Obaachan ni bibi. Kati ya maneno hayo mawili pana irabu moja tu, na kwa irabu hiyo nikamwacha mama mkwe wa mwanangu amekaa bila salamu. Anayetoka pwani anajua uzito wa kosa hilo. Usiku ule ndipo nilipoamua kwamba nitajifunza kusikia, na kwamba nitajipima kwa mtihani ili nisijidanganye.

Kwa asiyeujua, mtihani huo ulianza mwaka 1984, na huendeshwa na Japan Foundation pamoja na taasisi nyingine ya Kijapani inayoshughulikia elimu. Tangu 2010 una ngazi tano: N5 ndiyo ya chini na N1 ndiyo ya juu. Mtahiniwa hasemi neno wala haandiki insha. Anasoma, anasikiliza, na anatia kivuli kwenye viduara vya karatasi ya majibu. Mimi nilifanya N4 jijini Nairobi, Jumapili ya mwezi wa Desemba. Alama zote ni 180, na N4 hupitwa kwa 90. Lakini ipo sharti ya pili: sehemu ya kusikiliza peke yake ina alama 60, na anayepata chini ya 19 katika sehemu hiyo ameanguka, hata akiwa bingwa katika mengine yote.

Matokeo yangu yalikuwa hivi: msamiati, sarufi na kusoma, 82. Kusikiliza, 17. Jumla 99. Nilivuka kizingiti cha jumla kwa alama tisa, nikaangukia kizingiti cha sikio kwa alama mbili.

Kwanza nilinung'unika. Sauti hupigwa mara moja tu, haina marudio. Katika baadhi ya maswali huna hata maandishi ya kukushika mkono: unasikia kauli fupi, unasikia majibu matatu, unachagua moja, na swali jingine limekwisha kuanza. Kwa N4 mambo haya huchukua dakika 35, na mimi nilipoteza dakika kumi za mwanzo nikilifikiria swali la kwanza. Lakini nilipotulia niliona kwamba sharti ile ya 19 ni ya haki. Lugha ambayo unaijua kwa macho pekee hujaijua. Ni sawa na mtu anayezijua bahari zote za ushairi kwa majina lakini akikaririwa ubeti hawezi kusema mizani imepungua wapi.

Katika chumba kile nilikuwa mkubwa kwa umri kuliko msimamizi. Walionizunguka walikuwa vijana, na kwa baadhi yao karatasi ile ilikuwa riziki. Tangu 2019 Japani ina aina ya viza kwa wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, na kupita N4 ni mojawapo ya njia za kuthibitisha kwamba lugha unaiweza. Tulipotoka nje nilimsikia binti mmoja akimwambia mwenzake, "Kusoma sina wasiwasi. Kule kusikiliza ndiko kulikonimaliza." Mwenzake akamjibu maneno ambayo kila mwanafunzi wa lugha ameambiwa: "We sikiliza tu sana. Tazama filamu, sikiliza nyimbo, sikio litafunguka lenyewe."

Ushauri huo ndio ninaotaka kuupinga leo.

Mimi nilisikiliza sana. Kwa mwaka mzima redio ya simu ilinisemesha Kijapani nikipika chai, nikipalilia bustani, nikilala. Nilitazama filamu zenye maandishi chini, na jicho likala chakula chote sikio likabaki na njaa. Mwisho wa mwaka sikio langu lilikuwa limejifunza jambo moja kwa ukamilifu: kutosikia bila kufadhaika. Sauti ilipita kama upepo wa kaskazi dirishani, nami nikaridhika. Kusikiliza kusiko na kazi humzoesha mtu kelele, na aliyezoea kelele ni mgumu kumfundisha kuliko asiyewahi kuisikia.

Tena kosa hili si la vijana wale. Sisi walimu tumelilea. Katika silabasi ya Kiswahili, stadi inayotajwa kwanza ni Kusikiliza na Kuzungumza. Katika miaka yangu yote ya kazi, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne ulikuwa na karatasi tatu, za Insha, Lugha na Fasihi, na zote tatu ziliandikwa. Mwalimu hufundisha kinachotahiniwa. Nami niliifundisha stadi ya kusikiliza kwa kuandika ubaoni maana ya kusikiliza, na wanafunzi wakanakili daftarini kwa hati nzuri. Chuoni tulikofunzwa ualimu tulifundishwa imla kama zoezi la tahajia, yaani zoezi la mkono. Hakuna aliyetuambia kwamba imla ni zoezi la sikio. Mwalimu wa namna hiyo alipoketi mbele ya kipaza sauti Nairobi, alivuna alichopanda.

Baada ya matokeo nilirudi kwenye mazoezi nikiwa na swali moja: je, sielewi kwa sababu maneno siyajui, au kwa sababu siyasikii? Nilichukua mazungumzo mafupi kutoka katika maswali ya mfano, nikayasikiliza, nikaandika ninachokisikia. Kisha nikafungua maandishi yake. Karibu kila neno lililonipita nililijua. Ningeliona limeandikwa ningelitambua mara moja. Lililonishinda lilikuwa umbo lake la sauti: lina urefu gani, linaanzia wapi, limebana wapi. Kwa lugha yetu humu, nilikuwa sijui mizani yake.

Na hapa ndipo nilipojicheka. Wajapani wana kipimo wanachokiita haku, na haku ni ndugu wa karibu wa mizani. Haiku yao hujengwa kwa haku tano, saba, kisha tano. Tanka kwa tano, saba, tano, saba, saba, jumla 31. Huhesabiwa kwa vidole, kama sisi tunavyohesabu nane za ukwapi na nane za utao. Nilikuwa nikihesabu mizani tangu kidato cha pili, na katika mwaka mzima wa kujifunza Kijapani sikuwahi kuinua kidole kimoja.

Tazameni mambo matatu, ndugu zangu, muone jinsi mshairi wa Kiswahili anavyoanza safari hii akiwa amekwisha kufika nusu ya njia.

La kwanza ni irabu ndefu. Sisi hatumfunzi mshairi kwamba "amekata" na "amekataa" ni maneno mawili. Anajua la kwanza lina mizani nne na la pili lina tano. Kupa ni mbili, kupaa ni tatu. Basi ojisan, mjomba, ni haku nne: o-ji-sa-n. Ojiisan, babu, ni tano: o-ji-i-sa-n. Biru ni jengo la ghorofa, biiru ni bia, na anayekosea hapo anaweza kuagiza ghorofa mkahawani. Ila pana mtego mmoja ambao ni wetu hasa. Sisi hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pale palipo na mkazo irabu hurefuka kidogo bila sisi kujua. Kwa hiyo sikio letu hutarajia urefu karibu na mwisho wa neno hata pasipokuwa na urefu, na urefu unapokuja mahali pengine tunaudhania mkazo tu. Hivyo ndivyo bibi alivyogeuka shangazi masikioni mwangu.

La pili ni ile "n" inayosimama peke yake. Mgeni wa Kijapani huihesabu pamoja na irabu iliyotangulia, naye hupotea. Sisi tunaijua nazali inayojitegemea tangu tumboni: nchi ni mizani mbili, mtu ni mbili. Tunajua zaidi ya hapo. Mbuni, yule ndege mkubwa, ni mizani mbili. Mbuni, mtu anayebuni, ni tatu, m-bu-ni. Herufi ni zile zile, hesabu ni mbalimbali, na sikio la mshairi halikosei. Basi kinen, ukumbusho, ni haku tatu: ki-ne-n. Kin'en, kutovuta sigara, ni nne: ki-n-e-n. Mwanafunzi wa Ulaya hutumia wiki nzima kuizoea tofauti hiyo. Mimi niliipata mchana mmoja, mara nilipokumbuka ndege na mbunifu.

La tatu ndilo geni kwetu, nalo ndilo lililonipa kichwa cha makala haya. Kijapani kina kimya kinachohesabiwa. Sikilizeni maneno matatu: kite, kiite, kitte. "Kite kudasai" ni "njoo tafadhali." "Kiite kudasai" ni "sikiliza tafadhali." "Kitte kudasai" ni "kata tafadhali." La kwanza lina haku mbili. La pili na la tatu yana tatu tatu. Katika kiite, haku ya katikati ni irabu. Katika kitte, haku ya katikati ni kimya: ulimi umeshika pumzi, hakuna kinachosikika, na mpigo mmoja mzima unapita. Kisha "te" inatoka. Asiyehesabu kimya hicho atasikia "njoo" alipoambiwa "kata." Nami nakiri kwamba nilikuwa nakiruka kila mara, kama msomaji mbaya wa mashairi anayeruka kituo ili amalize upesi.

Waandishi wao walilijua hili. Kimya hicho kina herufi yake katika maandishi ya hiragana, na "n" ina yake, na irabu ya kurefushia ina yake. Karibu kila herufi ni haku moja, isipokuwa zile ndogo za ya, yu na yo ambazo hujishikiza kwa iliyotangulia. Mtu anayejifunza kwa herufi zetu za Kirumi huandika Tokyo na kuona silabi mbili au tatu. Mwenyewe Mjapani anahesabu nne, to-o-kyo-o. Kwa sababu hiyo nawasihi wanaoanza: imla yenu iandikeni kwa hiragana. Hati yenyewe itawasahihisha.

Mizani ikishakaa sikioni, maana nayo inataka tabia mpya. Kiswahili hutangulia na habari kubwa. Ukisikia "si" au "ha" mwanzoni mwa kitenzi umejua kwamba ni kukanusha: siendi, hatuji. Kijapani huiweka mwishoni. Ikimasu, naenda; ikimasen, siendi. Mpaka silabi ya mwisho hujui kama mtu anakwenda au amebaki. Sikio la Kiswahili, likiwa limezoea kupewa jibu mlangoni, huacha kusikiliza kabla sentensi haijaisha. Maswali mengi ya mtihani yanatega hapo hapo. Watu wawili wanapanga kukutana saa tisa. Mmoja anasema saa tisa ina kazi. Mwingine anapendekeza saa kumi. Kisha linatokea neno yappari, ambalo mara nyingi huashiria kwamba msemaji anabadili nia, na wanarudi kwenye saa tisa. Mwenye pupa ametia kivuli saa kumi.

Halafu Kijapani hakitaji nafsi pale inapojulikana. Sisi tunasema "alinikopesha," na ndani ya neno moja wamo yeye na mimi. Wao husema "kashite kuremashita," na ndani yake hamna kiwakilishi hata kimoja. Lakini kitenzi kureru hueleza kwamba kitu kilikuja upande wangu. Wangesema "kashite agemashita," kitu kingekwenda upande wa mwingine: nilimkopesha. Aliyesoma kanuni hii kitabuni, kama mimi, hujibu sawasawa akipewa dakika moja. Sauti haikupi dakika moja. Lazima kureru iingie sikioni ikiwa tayari na mkono ulionyooshwa kuelekea kwako.

Yapo pia maneno yaliyokatwa. Tabete iru, anakula, hutamkwa tabeteru. Haku tano zimekuwa nne. De wa huwa ja. Mwanafunzi hulalamika kwamba Wajapani "wanameza maneno." Mshairi wa Kiswahili hana haki ya kulalamika hivyo, kwa kuwa yeye huiita inkisari na huifanya kila siku. Anayeandika "ntakuja" ili mizani zitimie, atashangaaje Mjapani akisema tabeteru? Na kuna adabu ya kukataa. Mtu anaalikwa, naye anajibu "chotto...", yaani "kidogo...", kisha ananyamaza. Jibu ni hapana. Sisi tuliolelewa na "tutaangalia" na "Mungu akipenda" hatuhitaji kufafanuliwa kimya hicho.

Sasa, nilifanya nini? Nitaeleza kwa ufupi, maana njia yenyewe ni fupi. Kila asubuhi baada ya sala nilitenga nusu saa, sentensi tatu tu. Tovuti rasmi ya mtihani ina maswali ya mfano pamoja na sauti zake bila malipo, na vipo vitabu rasmi vya mazoezi. NHK World nayo, ambayo hutangaza kwa Kiswahili, imetoa masomo ya Kijapani kwa lugha yetu. Nilisikiliza sentensi moja bila kutafuta maana. Nilihesabu haku kwa vidole na kuandika idadi. Nikasikiliza tena, nikaiandika kwa hiragana. Ndipo nikafungua maandishi, na kila palipokuwa na kosa nikaweka alama: irabu, nazali, au kimya. Baada ya mwezi nilijua ugonjwa wangu ni upi. Makosa yangu mengi yalikuwa ya kimya.

Kisha nikaisema sentensi hiyo pamoja na msemaji, nyuma yake kwa nusu pumzi, kama kivuli kinavyomwandama mtu. Mkono ulipiga meza kwa kila haku. Mke wangu alidhani nimerudia ngoma za ujanani. Zoezi hili linafunza jambo ambalo kuhesabu peke yake hakufunzi: kwamba katika desu ile "u" inanong'onwa tu, na katika suki "u" karibu haisikiki, lakini mpigo wake upo. Ulimi ukishaweza kulitunza pigo lisilosikika, sikio nalo hulitunza.

Siku ya Ijumaa ilikuwa ya mtihani wa nyumbani. Mazungumzo mapya, mara moja tu, bila kurudia, penseli mkononi. Nilijifunza kuandika maneno machache pembeni, saa, mahali, nani. Nilijifunza pia kuliacha swali lililonishinda. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote kwa mwalimu mzee. Swali lililopita limekwenda na alama zake. Ukilifuata, linakuchukulia na linalofuata.

Najua yapo mapingamizi. Rafiki mmoja, mshairi, aliniambia, "Unawafundisha watu kuhesabu sauti kama kasuku. Lugha ni maana." Nakubali kwamba lugha ni maana. Lakini yeye huyo huyo humrudishia kijana shairi lenye mizani 15 kabla hata hajauliza linasema nini. Anafanya hivyo kwa kuwa anajua kwamba mahali mizani ilipoanguka, mara nyingi na wazo limeteleza. Mwingine akasema kwamba maisha si mtihani: katika maisha unaweza kuomba mtu arudie. Ni kweli, na kwa hilo mtihani ni mkali kuliko maisha. Hata hivyo mjukuu wa miaka minne hakurudii mara tatu. Ukimwomba mara ya pili anacheka; mara ya tatu amekwisha kwenda kucheza.

Wala sidai kwamba hesabu inatosha. Kuna kupanda na kushuka kwa sauti: hashi kwa namna moja ni vijiti vya kulia, kwa namna nyingine ni daraja. Hapo mimi bado ni kipofu wa sikio, nahitaji muktadha uniongoze. Na Mjapani anayejifunza lugha yetu ana kipofu chake: l na r humsumbua, hata kula na kura zikawa kitu kimoja. Katika Chuo Kikuu cha Osaka wapo wanafunzi wanaosoma Kiswahili, na napenda kufikiri kwamba mmoja wao, katika mji ule ule anaoishi mjukuu wangu, anahesabu mizani kwa vidole huku mimi nikihesabu haku.

Desemba iliyopita nilirudi Nairobi. Sehemu ya maandishi nilipata 79, chini kidogo ya mwaka wa kwanza. Kusikiliza nilipata 34. Alama hizo nilizifurahia, lakini nitawaambia nilichokifurahia zaidi. Wiki mbili baada ya mtihani, kabla ya matokeo, mtoto alipiga simu. Alisema maneno mengi kwa kasi, na katikati yake nikasikia neno lenye haku tano. Nikahesabu kwa kidole chini ya meza: o-ba-a-cha-n. Nikamwambia mwanangu asogeze simu. Mama yule alikuwa ameketi pale pale pa siku ile. Nikamsalimu kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Akainama. Akasema jambo, nami nikangoja mpaka silabi ya mwisho ndipo nikajibu.

Ombi langu kwa wasomaji wa ukurasa huu ni dogo. Mkiwa na kijana nyumbani anayejifunza Kijapani, au lugha yoyote ile, msimwambie asikilize sana. Mkalisheni, mpeni sentensi moja, mwambieni ahesabu. Na sisi tunaofundisha ushairi tuache kuifundisha mizani kama sheria ya kuandika pekee. Tumfunike mwanafunzi macho, tumkaririe ubeti, tumwulize pamepungua wapi. Tutakuwa tumemfunza ushairi, na tutakuwa tumempa sikio la kwendea popote. Nafunga kwa ubeti nilioutunga kwenye treni nikirudi Mombasa, nao uhesabuni mkitaka:

Sikio lina mizani, hesabu moja kwa moja,
Usitangulie ndani, maana yenyewe yaja,
Kanusho liko mwishoni, tulia ukilingoja,
Mwenye pupa mtihani, huuona ni kioja.